Kunasa Mlio wa Amplifaya: Mwongozo kwa Wapiga Magitaa na Mafundi wa Sauti

Mwongozo huu ni wa wapiga magitaa na mafundi wa sauti wanaopiga kazi za harusi, kumbi na matamasha kati ya Lugoba, Chalinze na Bagamoyo. Amplifaya nzuri ya valvu ni nzito, huumia ikisafirishwa nyuma ya gari, na mara nyingi ni ya kuazima. Mashine kama Kemper ya Ujerumani, au programu ya bure ya Neural Amp Modeler, huweza kuuchukua mlio wake ukaenda nao kazini. Lakini mashine hunakili ilichopewa, na makosa mengi hutendeka kabla haijawashwa.

Inavyofanya kazi ni hivi: mawimbi ya majaribio huingizwa kwenye amplifaya, yanayotoka hurekodiwa, kisha mashine hujifunza tofauti kati ya pande hizo mbili. Pande zote mbili ni lazima ziwepo. Kwa sababu hiyo mlio wa solo la mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, haunasiki kwa njia hii kutoka kwenye rekodi za zamani. Rekodi ina gitaa, amplifaya, maikrofoni na utepe vilivyokwisha kuchanganyika, na sauti iliyotoka kwenye waya wa gitaa lake hatunayo. Anayeutaka mlio wa namna ile atafute amplifaya inayolia hivyo, ainase yenyewe.

Jambo linalostahili muda wako mwingi ni kiwango cha sauti inayoingia. Kadi ya sauti hutoa mawimbi yenye nguvu kuliko gitaa. Ukiyaingiza moja kwa moja, amplifaya itakwaruza pale ambapo mkono wa mpigaji usingeikwaruzisha. Weka kati ya kadi na amplifaya kisanduku cha riampu, kinachoshusha nguvu hiyo hadi ya gitaa. Ili kupima, mwombe mpiga solo apige kwa nguvu anayoitumia jukwaani, si ya kujaribia jaribia, kisha linganisha na mawimbi ya majaribio. Sauti inayorudi kwenye kadi isiguse taa nyekundu hata mara moja. Muziki wa dansi hauna huruma hapa: magitaa yake hulia kwa usafi, yakikwaruza kidogo tu mkono unapokaza, hivyo hakuna mkwaruzo mzito wa kuficha kelele au kiwango kilichokosewa.

Amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika au mzigo maalumu wenye omu zinazolingana nayo. Transfoma yake inaweza kuungua. Iache ipate moto kwa nusu saa, na tumia stabilaiza, kwani umeme ukishuka chini ya volti 230 mlio nao hubadilika, nawe utakuwa umenasa hali ya umeme wa siku hiyo. Safisha matundu ya jeki: vumbi la kokoto Lugoba na chumvi ya bahari Bagamoyo huleta mikwaruzo ambayo mashine itajifunza kama sehemu ya mlio. Ukitumia maikrofoni mbele ya spika, subiri saa ambazo malori ya barabara ya Chalinze–Segera yamepungua.

Zima mwangwi, dilei na korasi. Mashine hizi hujifunza mkwaruzo na rangi ya sauti, si vitu vinavyojirudia au kuyumba kwa muda. Korasi ya amplifaya ya Roland JC-120, kwa mfano, iongezwe baadaye kwa pedali.

Amua pia kama spika imo ndani ya nakala. Ikiwa gitaa litaingia moja kwa moja kwenye miksa, spika inahitajika. Ikiwa utaipitisha kwenye amplifaya nyingine jukwaani, usiinase, maana spika mbili zikifuatana hufanya mlio uzibe.

Neural Amp Modeler hutumia sauti ya majaribio ya takriban dakika tatu, kwa 48 kHz, na mwisho hukupa namba ya kosa. Chini ya 0.01 ni nzuri sana, ikivuka 0.1 rudia, ukianza kukagua nyaya. Hata hivyo namba haitoshi. Rekodi gitaa kavu, pitisha kipande kilekile kwenye amplifaya na kwenye nakala, sawazisha ukubwa wa sauti, kisha msikilizaji achague bila kuambiwa ipi ni ipi. Usiruke kusawazisha, kwa kuwa sikio hupenda chenye sauti kubwa zaidi hata tofauti ikiwa ndogo. Jaribu na mguso laini pia, kwa sababu nakala nyingi hufaulu kwenye kelele zikashindwa kwenye upole.

Nakala moja ni mkao mmoja wa vitufe. Nasa solo peke yake na rithimu peke yake, piga picha ya vitufe kila mara, na kwenye jina la faili andika amplifaya, gitaa, mkao na tarehe.