KWENDA KWA MUNGANGA WA MOYO: MUGONJWA AJUE NINI?



Katika somo la leo tunasema juu ya munganga anayechunguza moyo, ndiye kardiologi. Mwenzetu mmoja atasema: «Hiyo ni mambo ya wazee, sisi tungali vijana.» Hapana. Kwanza, kuna ugonjwa wa moyo unaoanzia kwa watoto wa shule. Pili, mara nyingi nyumbani mwanafunzi njo anajua kusoma na kuandika Kifaransa. Baba ao mama akitumwa kwa kardiologi kule Lubumbashi, karibu kilometa 120 toka Likasi, nani atatengeneza makaratasi yake? Ni sisi.

1. Moyo unafanya kazi gani?

Sisi wa Koni tunajua kazi ya maji. Maji ya Lufira yanapita kwanza Mwadingusha, kisha yanafika kwetu, na watu wa santrali wanafungua na kufunga vani. Moyo nao uko na vani. Ni pompi ya vyumba vine na vani nne. Kila vani inaachilia damu ipite upande mmoja tu. Vani ikiharibika, damu inarudi nyuma ao inapita kwa shida, na moyo unafanya kazi nyingi mpaka unachoka.

Nini inaharibu vani? Kwa vijana wa Afrika, sababu moja kubwa ni koo. Mikrobe inaitwa streptokoko inaingia kwa koo. Mutoto asipotunzwa, kisha majuma mawili ao matatu viungo vinaweza kuvimba: leo goti, kesho kifundo cha muguu, na homa. Nguvu ya mwili inayopigana na mikrobe inageukia vani za moyo. Viungo vinapona, lakini kovu linabaki kwa vani. Hii inapata zaidi watoto wa miaka 5 mpaka 15. Mwaka 2018 mukutano mukuu wa Shirika la Afya la Dunia (OMS) uliomba inchi zote zipigane na ugonjwa huu.

2. Alama za kuangalia

Kuhema sana kwa kazi ndogo, kushindwa kulala bila mito miwili ao mitatu, miguu kuvimba, roho kupiga mbio bila sababu, kuzimia. Mwenye alama hizi aende kwanza kwa dispanseri. Lakini kama kifua kinabana kwa nguvu, jasho la baridi linatoka, pumzi inakosa, mutu asingojee randevu wala barua. Apelekwe mara moja kwa hopitali iliyo karibu.

3. Mbele ya kusafiri

Chukua barua ya munganga aliyekutuma, fishe za zamani na picha za radio. Chukua dawa zote unazokunywa, pamoja na boksi zake. Usiseme tu «ile kidonge nyeupe», maana vidonge vyeupe ni vingi. Usiache dawa ya tansio kwa kufikiri munganga aone ugonjwa «vizuri». Uinywe kama kawaida, isipokuwa wamekukataza. Usivute tumbako wala kunywa kahawa mbele ya kupimwa tansio. Uliza mapema bei ya kila kipimo, usije ukafika na feza nusu.

Hapa njo kazi ya mwanafunzi. Kaa na muzazi wako jioni moja, uandike kwa karatasi: ugonjwa ulianza lini? Unakuja wakati gani? Katika jamaa kuna mutu aliyekufa gafula akiwa kijana? Andika na dawa za miti. Wazee wengi wanaficha dawa ya miti kwa sababu ya haya. Lakini dawa mbili zinaweza kugombana mwilini, na munganga asiyejua anaweza kuongeza hatari. Munganga hatafuti kosa, anatafuta ugonjwa.

4. Kule kwa munganga

Atauliza maswali mengi. Atapima tansio, mugonjwa akiisha kukaa kimya karibu dakika tano. Atasikiliza kifua kwa stetoskopi, chombo kilichovumbuliwa na Laennec, munganga wa Ufaransa, mwaka 1816. Utavua shati, dada anaweza kuomba mama yake akae pale.

Kisha elektrokardiogramu: waya zinabandikwa kifuani, mikononi na miguuni. Watu wanaogopa: «Watanipiga kura ya umeme!» Sivyo. Mashini haikutii umeme. Inaandika umeme mudogo wa moyo wako mwenyewe. Einthoven wa Uholanzi alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hii. Mwisho ekografi: sauti ambayo sikio halisikii inaingia kifuani, inarudi, na munganga anaona vani zikifunguka na kujifunga. Edler na Hertz walianza kuitumia kwa moyo kule Lund, Sweden, mwaka 1953. Vipimo hivi viwili havina maumivu.

Mbele ya kutoka, uliza: ugonjwa unaitwaje? Dawa ni ya siku ngapi ao ya maisha? Kazi gani naweza, kazi gani siwezi? Nirudi lini? Mwanamuke aseme kama ana mimba ao anatazamia kuzaa, maana dawa zingine za moyo zinaumiza mimba. Kama hukufahamu, sema «sikufahamu».

5. Kisha kurudi

Hapa wengi wanaanguka. Mugonjwa anajisikia vizuri, anaacha dawa. Lakini tansio haina kelele. Na mutoto aliyepata ugonjwa wa vani mara nyingi anapigwa shindano ya penisilini kila majuma matatu ao mane, kwa miaka mingi, hata akiwa na nguvu ya kucheza mupira. Shindano ile inazuia mikrobe isirudi. Kutengeneza vani kwa kupasua ni kazi ya mahali pachache, kama Dar es Salaam, ambako taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete iliundwa mwaka 2015. Ni mbali na ni feza nyingi. Koo kutunzwa mapema ni bei ndogo.

Wengine wanasema: «Tuliisha kuomba, dawa ya nini tena?» Luka aliyeandika Injili alikuwa munganga. Tunaomba, na dawa tunakunywa.

Maswali ya kujijaribu

1. Vani ya moyo inafanya kazi gani?
2. Kwa nini tusidharau koo ya mutoto?
3. Andika mambo matano ya kutia kwa karatasi ya muzazi wako.

Swali la tatu tusijibu kwa kaye ya shule tu. Tulijibu nyumbani, pamoja na yule anayehema akipanda kilima.