SOMO LETU: KIOTA KILICHO KARIBU NA NYUMBA

Somo la safari hii halihitaji fedha wala mashine. Linahitaji macho, subira na punje chache za mahindi. Tunaanza na ugomvi mdogo, maana ndio uliotufungua macho.

Kikundi kimoja hapa upande wa Kangeta kilikutana chini ya mti ili kugawana miche. Ajenda ilipokaribia kwisha, mzee mmoja aliinua mkono akasema, "Mwenyekiti, huu mti ukatwe. Hawa ndege ni kelele tu na wizi." Juu yetu mnana wa manjano walikuwa wamening'iniza viota karibu kila tawi, na kweli kelele ilikuwa nyingi. Mama mwenye shamba akajibu, "Mzee wetu, kwa heshima, hawa ndio wanaonitolea viwavi kwenye sukuma wiki."

"Umewaona wewe mwenyewe?"

"Nimewaona, mzee."

"Mara ngapi?"

Mama akanyamaza. Hakuwa amehesabu. Na mzee naye, alipoulizwa ndege wamekula mtama kiasi gani, hakuwa amepima. Sisi tukaomba jambo moja tu: mti uachwe mpaka mvua iishe, na wakati huo watu watazame na kuhesabu. Wakakubali. Haya mnayosoma ni yale tuliyojifunza pamoja nao.

WAKATI GANI NDEGE HUJENGA

Ndege wengi wa kwetu hujenga mvua ikianza. Hapa Nyambene ni kuanzia Oktoba hadi Desemba, na tena kuanzia Machi hadi Mei. Si bahati tu. Mvua ikinyesha majani yanachipuka, na majani yakichipuka wadudu wanaongezeka. Kinda anahitaji chakula laini chenye nguvu, basi mzazi hupanga kuangua wakati wadudu ni wengi. Yaani ndege ana kalenda yake ya kilimo kama sisi tulivyo na yetu.

Kinda wa ndege hawa si kama kifaranga wa kuku. Kifaranga huatamiwa siku 21, na akitoka kwenye yai anatembea na kudonoa siku hiyo hiyo. Kinda wa mnana huatamiwa karibu wiki mbili tu, lakini hutoka bila manyoya, macho yamefumba, hawezi lolote ila kufungua mdomo. Kwa hiyo kazi kubwa ya wazazi huanza baada ya yai kupasuka.

MAJIRANI ZETU NI AKINA NANI

Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Hatuwezi kuwajua wote, lakini hawa wanne wako karibu na kila boma.

1. Mnana. Dume ndiye fundi. Huchana vipande vya majani mabichi ya nyasi au migomba, akafunga fundo la kwanza kwenye tawi jembamba, kisha anafuma mpaka kiota kinakuwa kama mpira ulioning'inia, mlango ukitazama chini. Jike huja kukagua. Akikataa, nyumba inabaki tupu, na mara nyingi dume mwenyewe huibomoa na kuanza upya. Akikubali, jike hutandika ndani vitu laini na kutaga. Mnana mkubwa hupenda nafaka, na mzee wetu hakusema uongo. Lakini makinda yake hulishwa wadudu: viwavi, panzi na mfano wao. Mambo yote mawili ni kweli, na ndiyo sababu kuhesabu ni lazima.

2. Shore. Huyu ana kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, na chini ya mkia ana manjano. Hujenga kiota kama kikombe ndani ya ua la kayaba au kwenye kichaka, mara nyingi usawa wa kifua cha mtu. Hutaga mayai mawili au matatu. Makinda hutoka kiotani upesi, hata kabla hawajajua kuruka vizuri.

3. Mbayuwayu. Wako wa aina mbili za maisha. Wale wanaojipanga kwa wingi kwenye nyaya za umeme kuanzia Septemba ni wageni kutoka Ulaya. Hula wadudu wetu, wakaondoka kufikia Aprili, na hawajengi hapa. Lakini wako wenyeji, wanaojenga kwa udongo chini ya paa au chini ya daraja. Hubeba tope kwa mdomo, donge kwa donge, mamia ya safari. Ukibomoa kiota kwa fimbo dakika moja, umebomoa kazi ya siku nyingi. Kama kinyesi kinakusumbua, pigilia kipande cha ubao chini ya kiota. Yatosha.

4. Bundi mweupe. Huyu ana uso kama umbo la moyo, na hupenda kulala kwenye dari au ghala. Tunajua wengi wanamwogopa, eti akilia mtu atakufa. Tuseme wazi: bundi hulia kwa sababu ndivyo ndege huyu anavyoongea na mwenzake. Chakula chake kikubwa ni panya. Humeza panya mzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Mkikuta vidonge hivyo chini ya dari, loweka kwenye maji, pasua kwa kijiti, halafu hesabu mafuvu. Mtajua wenyewe ni panya wangapi hawakufika kwenye magunia yenu. Naweni mikono kwa sabuni baadaye.

Yuko pia mwizi wa malezi, jamii ya kekeo. Mmoja wao hutaga yai lake ndani ya kiota cha mnana akaenda zake. Kinda wa kekeo akianguliwa husukuma nje mayai au makinda ya mwenye nyumba, na mnana humlea bila kujua. Msimwue. Naye kekeo hula viwavi, hata wale wenye manyoya ambao ndege wengi huwakataa.

JINSI YA KUTAZAMA

Kikundi chetu kilifuata hatua hizi:

(a) Chagueni kiota kimoja tu. Kaeni mbali, angalau hatua 15. Ndege akiacha kuingia kiotani huku akipiga kelele na ana chakula mdomoni, mmekaribia mno. Rudini nyuma.

(b) Wekeni zamu ya saa moja asubuhi na saa moja jioni. Watoto wa shule wanafaa sana kwa kazi hii, na wanajifunza hesabu.

(c) Kila mzazi akiingia na chakula, tia punje moja ya mahindi kwenye mkebe. Kama umeona alichobeba, sema: kiwavi, panzi, mbegu, au sijui. "Sijui" si aibu. Aibu ni kuandika usichokiona.

(d) Mwenye kujua kuandika ajaze daftari: tarehe, saa, idadi ya punje, mvua ilinyesha au la.

(e) Usishike mayai, wala usikate majani yanayoficha kiota. Ukitengeneza njia, paka na nyoka wataifuata. Ukitaka sana kuona ndani, funga kioo kidogo kwenye fimbo, tazama mara moja, ondoka.

Halafu fanyeni hesabu. Tuseme mmepata punje 10 kwa saa moja, na wazazi hulisha saa 10 kwa siku. Hizo ni safari 100 kwa siku kwa kiota kimoja. Makinda wakikaa kiotani wiki tatu, ni safari zaidi ya 2,000. Msichukue hesabu yetu, huu ni mfano tu. Chukueni mkebe wenu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba mtakiona kwa macho.

KOSA LETU WENYEWE

Hatuandiki haya kama watu wasiokosea. Zamani tulimwokota kinda chini ya ua, tukamwonea huruma, tukamtia kwenye katoni na kumlisha ugali na maziwa. Siku ya pili alikuwa amekufa. Baadaye ndipo tulipojifunza kwamba mama yake alikuwa pale pale juu ya ua, akilia kwa sababu tumemchukua.

Kinda akiwa na manyoya na anarukaruka chini, hajapotea. Anajifunza, na wazazi bado wanamlisha. Mwache, funga paka na mbwa. Akiwa uchi bila manyoya, mrudishe kiotani polepole kama mnakifikia. Wengi husema mama atamkataa kwa harufu ya mtu. Si kweli. Mama atakuja kwa sababu kinda anamwita.

MAMBO YANAYOMALIZA MAKINDA

Kipanga mmoja mwenye miguu mirefu hutia mguu ndani ya kiota na kutoa makinda. Hiyo ni kazi ya porini, tuiache. Tuangalie yale tunayofanya sisi.

Dawa ya kunyunyizia. Kiwavi aliyenyunyiziwa mara nyingi hafi papo hapo. Anakuwa mzito, na ndege humkamata kwa urahisi akampelekea kinda. Kinda ni mdogo, na dawa kidogo inamtosha. Kabla ya kununua dawa, jaribuni kutoa viwavi kwa mkono asubuhi. Ikibidi kunyunyizia, fuateni maandishi ya chupa, pima vizuri, wala msipige kwenye mti wenye viota.

Chambo cha sumu. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walitumia dawa ya Furadan kuua ndege, na nyama yao ikauzwa na kuliwa. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kuiondoa katika soko la Kenya. Hilo litufundishe: sumu ya ndege hurudi kwenye sahani. Vilevile panya aliyekula sumu akiliwa na bundi au paka, naye hudhurika.

Manati. Wavulana wanapiga ndege kwa mchezo. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inahesabu ndege wa mwituni kuwa wanyamapori. Lakini kumtisha mtoto kwa sheria peke yake hakusaidii. Mpe mkebe na punje, mfanye mlinzi wa kiota. Tumeona mvulana aliyekuwa hodari wa manati akiwafukuza wenzake, "Hapana, hicho ni changu, nakihesabu!"

Kuchuma na kukata. Vijana wanaopanda mimiraa kuchuma ndio wa kwanza kuona viota vilivyo juu. Wakiambiwa, wanaweza kuacha kitawi kimoja mpaka makinda waruke. Kadhalika ua la kayaba: lichunguze kabla ya kukata, au ngoja mvua ipite. Kungoja wiki tatu hakuharibu ua.

UGOMVI ULIISHAJE

Mvua ilipokwisha tulikutana tena chini ya mti ule. Mkebe ulimwagwa juu ya meza. Mama mwenye shamba alifurahi, kwa maana viwavi walioandikwa kwenye daftari walikuwa wengi kuliko mbegu. Lakini mzee naye alikuwa amefanya kazi yake. Alikuwa amekaa kwenye mtama wake, na akaonyesha mistari miwili iliyo karibu na mti ambayo mashuke yake yalikuwa yameliwa. Mistari ya mbali ilikuwa mizima.

Hakuna aliyemcheka mwenzake. Mzee akasema, "Basi mti ubaki. Yakatwe matawi ya upande wangu, lakini baada ya hawa wadogo kuruka." Mama akasema msimu ujao atapanda sukuma wiki upande ule wa mti, na mzee ausogeze mtama mbali. Wakapeana mikono.

Sisi tuliondoka tukiwaza: mara ngapi kikundi kinagombana juu ya jambo ambalo hakuna aliyelitazama? Huyu anasema faida, yule anasema hasara, na kiota kiko pale juu ya vichwa vyetu kikingoja mtu wa kukitazama kwa saa moja tu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika boma lako kuna viota vya ndege gani? Nani katika familia anavijua zaidi, wewe au watoto?
2. Wazee wetu walikuwa na miiko gani juu ya ndege na miti? Ipi inafaa kuendelezwa, ipi ni hofu tu?
3. Ni dawa gani tunazonyunyizia msimu huu? Je, wote tunajua kusoma maandishi ya chupa? Kama la, nani atatusomea?
4. Taja jambo moja ambalo kikundi chetu kimeligombania bila kuhesabu. Tungelipimaje?

KAZI YA MWEZI

Kila mwanakikundi achague kiota kimoja, aweke mkebe, na alete daftari kwenye mkutano ujao. Asiye na kiota nyumbani apande mti, na wakati akingoja ukue, atazame cha jirani, baada ya kupiga hodi.

Tunawatakia mvua njema.