Kuondoa Kimoja: Fumbo la Theluji na Inkisari ya Mshairi

Makala haya yanakusudia kuitazama inkisari kama tatizo la kuondoa kiungo kimoja katika mfuatano. Kichocheo ni Advent of Code, mafumbo ya kuandika programu za kompyuta aliyoyaasisi Eric Wastl mwaka 2015, yatolewayo kila Desemba kwa visa vya theluji. (Desemba ya Msambweni ni kaskazi na jua kali.) Fumbo la siku ya pili, 2024, lilitaka safu ya namba ipande tu au ishuke tu, tofauti baina ya jirani na jirani ikiwa 1 hadi 3. Safu yenye kasoro ilikubaliwa iwapo kuondoa namba moja kungeiponya. Chukua 2, 5, 4, 6, 7. Ukiondoa 5, imepona. Ukiondoa 4, imepona vilevile. Kompyuta haijali ipi.

Mshairi hujali. Tuseme kipande kinadai mizani 8, nasi tunacho hiki: "Mgeni amekuja leo". Hesabu: m-ge-ni-a-me-ku-ja-le-o, mizani 9. Tukiondoa silabi moja moja kwa zamu, kila jaribio litatimiza 8. Lakini "mge amekuja" si maneno ya mtu. Kinachosalimika vyema ni "Mgeni mekuja leo", na hata hapo pana utata: iliyodondoshwa ni a- au u-? Mgeni anasimuliwa, ama anaambiwa? Kipande chenyewe hakijibu. Sharti ubeti mzima ujibu.

Mwanafunzi atokaye Kwale ana jambo la ziada la kuzingatia. Mdigo wa Diani husema mutu na ndzala pale Kiswahili kisemapo mtu na njaa. Kiswahili kimepoteza u katika neno la kwanza na l katika la pili. Je, hiyo nayo ni inkisari? La hasha. Hakuna mshairi aliyeichagua. Ni historia ya lugha. Tena mizani hazikupungua: mu-tu ni mbili na m-tu ni mbili, kwani m imebeba silabi, ndza-la ni mbili, na nja-a ni mbili. Sauti imetoka, nafasi yake imebaki. Mhakiki anayeorodhesha kila umbo fupi kuwa inkisari huchanganya mambo haya mawili, na kumpa mshairi sifa, au lawama, isiyo yake.

Kwa zoezi, msomaji achukue "Watoto wamelala ndani", mizani 9 pia. Akiondoa wa- ya kitenzi, atapata "melala". Akiondoa -me-, atapata "walala", umbo safi kabisa kisarufi, ila wakati wa kitenzi umegeuka. Achague, na aeleze kwa nini.