DUNGUSI MDOGO WA MLIMANI: SOMO LA SUBIRA NA KIASI

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi na wazazi, katika somo letu la viumbe vya Mola wetu tunautazama mmea mdogo uitwao Rebutia.

Asili yake
Rebutia ni aina ya dungusi kakati, jamaa ya mpungate tunaoujua. Kwao ni milima ya Andes, nchini Bolivia na kaskazini-magharibi mwa Argentina, ambako huota katikati ya mawe. Mtaalamu wa Ujerumani, Karl Schumann, aliupa jina hilo mwaka 1895 kwa heshima ya Pierre Rebut, Mfaransa aliyekuwa akiuza dungusi.

Umbo lake ni la mviringo, na aina nyingi hazizidi ukubwa wa limau. Maua yake mekundu, ya machungwa au ya manjano hutoka ubavuni karibu na udongo, si kileleni. Hufunguka mchana na kujifunga usiku.

Hekima katika umbile lake
Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya hewa mchana. Dungusi hufungua vyake usiku, wakati wa baridi, ili maji yasipotee kwa jua. Hewa anayoivuta usiku huiweka akiba, kisha mchana huitumia kutengeneza chakula. Ni nani aliyempangia hivyo kama si Mjuzi, Mwenye hekima?

Namna ya kuutunza
1. Chungu kiwe kidogo na chenye tundu chini. Changanya mboji na mchanga mkubwa au changarawe, nusu kwa nusu. Mchanga wa baharini haufai kwa sababu ya chumvi.
2. Mbegu zitandazwe juu ya udongo bila kufukiwa, zifunikwe kwa plastiki safi, na udongo uwe na unyevu hadi ziote. Maua hutarajiwa baada ya miaka miwili au mitatu hivi.
3. Upate mwanga mwingi, lakini ukingwe na jua kali la adhuhuri.
4. Wakati wa kukua, mwagilia udongo ukishakauka tu.
5. Chunguza vidung'ata na utitiri mwekundu. Vidung'ata hufutwa kwa pamba yenye spiriti kidogo.

Miezi ya mapumziko
Hapa ndipo wengi huuharibu mmea huu. Kwao Andes, miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi na ukavu, na katika ukavu huo ndipo mmea hujiandaa kuchanua. Basi katika miezi hiyo tuache kuumwagilia na tuuweke mahali pa baridi. Utasinyaa kidogo, nasi tutauonea huruma na kutaka kuunywesha. Tukifanya hivyo, mizizi huoza. Nyanda za juu zenye kipupwe zinaufaa zaidi; pwani, ambako usiku ni joto, tusitaraji maua mengi.

Ndugu zetu, tuzingatie. Maji ni neema, lakini yakizidi kiasi huua. Kwa hiyo dini yetu imekataza israfu hata katika mambo ya halali. Na mzazi amnyimaye mwanawe jambo kwa wakati wake huenda anamwandalia maua yake.

Amana
Dungusi wengi hung'olewa porini na kuuzwa. Karibu jamii yao yote inalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973. Tusinunue mmea uliong'olewa mlimani. Tuoteshe kwa mbegu, au kwa vichipukizi vinavyotoka ubavuni mwa mmea mama. Ardhi ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini dungusi hufungua vitundu vyake usiku?
2. Ni nini hutokea ukimwagiliwa wakati wa mapumziko?
3. Taja israfu moja nyumbani kwenu na namna ya kuiacha.

Wabillahi tawfiq.