Kusafisha Sauti Bila Kufuta Sarufi: Somo kutoka Video ya Nyumbani, Kampemba

Anayerekebisha sauti ya video ya nyumbani anafanya kazi ya mhakiki wa matini, ajue asijue. Anachokiondoa kama kelele huenda kikawa kiambishi. Tutazame mfano mmoja.

Familia moja ya hapa Kampemba ilinikabidhi video ya sherehe ya ndoa. Ndani yake mzee wao anasimulia maisha ya kambi za wafanyakazi wa Union Minière, huku jenereta ikinguruma nyuma yake. Wajukuu walitaka kijana mmoja ayasome upya maneno hayo, na sauti yake iwekwe mahali pa ile ya mzee. Niliomba tujaribu kwanza kuisafisha sauti ya asili.

Hatua ya kwanza: nakala. Nilifanya kazi kwenye nakala tu. Nilitenganisha sauti na picha, nikaihifadhi sauti katika faili ya WAV, isiyobanwa, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kama ilivyo katika video nyingi. Sauti ya sampuli 44,100 ikichezwa kana kwamba ni ya 48,000, itakwenda mbio na kuwa nyembamba, na midomo haitapatana na maneno.

Hatua ya pili: ngurumo ya chini. Kwa programu ya Audacity nilipunguza masafa yaliyo chini ya hezi 80. Sauti ya mwanamume anayezungumza kwa kawaida iko juu ya hapo, hivyo maneno hayakuguswa.

Hatua ya tatu: kelele iliyobaki. Nilichagua sekunde mbili ambazo jenereta inasikika peke yake, programu ikachukua sampuli ya kelele hiyo na kuipunguza kote. Nililinganisha viwango viwili. Kwa desibeli 24, mzee alisikika safi kabisa: «Tulikuwa bengi ku kambi.» Kwa desibeli 9, jenereta ilisikika kwa mbali, na sentensi ikawa: «Tulikuwaka bengi ku kambi.»

Silabi ile imekwenda wapi? Mkazo uko kwenye *-wa-*. *-Ka* ya mwisho ni hafifu, na mlipuko wa *k* ni mfupi, unaofanana na kelele. Programu haijui sarufi. Lakini katika Kiswahili cha Lubumbashi kiambishi *-ak-* kinabeba maana: hapa kinaonyesha hali ya zamani iliyodumu. Tulichagua desibeli 9.

Na usomaji wa kijana? Alisema: «Tulikuwa wengi kambini.» Ni Kiswahili sanifu, lakini *-ak-* imetoweka, *ba-* imekuwa *wa-*, na *ku* imegeuka *-ni*. Hakuna kosa lililosahihishwa hapo. Mzee amepewa lugha ya mtu mwingine.

Wahariri wa maandishi wanalijua tatizo hili. *Vocabulaire* ya André Yav kuhusu mji wetu, iliyoandikwa 1965, ilichapishwa 1990 na Johannes Fabian akisaidiwa na Kalundi Mango. Tahajia yake ilikuwa ngumu kusomeka, lakini maandishi ya asili yalitolewa pamoja na matini iliyonukuliwa kutokana na kusomwa kwake kwa sauti. Msomaji anaweza kulinganisha.

Video nayo inaruhusu hivyo. Faili ya MKV hubeba nyimbo za sauti zaidi ya moja: ya kwanza iwe ya asili, ya pili iliyosafishwa. Sauti ikiwa imepotea kabisa, tafuta rekodi ya simu ya mgeni mwingine. Ioanishe na picha kwa kufuata kofi linaloonekana na kusikika. Kwa picha 25 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 40, kipimo kinachotosha. Ukilazimika kutumia sauti ya mtu mwingine, liandike jambo hilo mwanzoni mwa video.

Zoezi. Rekodi dakika moja ya mazungumzo nyumbani kwenu. Isafishe kwa viwango viwili, unukuu kila kimoja, kisha uorodheshe viambishi vilivyopotea.