Kijana Anaposahau na Kuahirisha: Hupimwa Nini?

Mzazi hulalamika kuwa mwanawe wa kidato cha pili amekuwa mvivu: huahirisha kazi, husahau alichotumwa dukani, hufoka mpango wa siku ukibadilika. Kabla ya kuchukua fimbo, yafaa kuufahamu uwezo wa akili kujiongoza. Uwezo huo una sehemu tatu kuu: kuzuia msukumo wa ghafla, kushika jambo akilini huku ukilifanyia kazi, na kuhama kutoka utaratibu mmoja hadi mwingine. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayouratibu, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20.

Wanasaikolojia huupima kwa mazoezi mafupi. Katika kipimo alichokitangaza John Ridley Stroop nchini Marekani mwaka 1935, neno "nyekundu" huandikwa kwa wino wa buluu, na anayepimwa hutakiwa kutaja rangi ya wino. Ulimi hulikimbilia neno; kuchelewa na kukosea ndiko kunakohesabiwa. Katika zoezi jingine, kijana asikiaye 3, 8, 1 hujibu 1, 8, 3. Msomaji na ajaribu tarakimu saba kabla ya kumcheka mtoto.

Hata hivyo, chumba tulivu cha upimaji si nyumbani wala darasani. Kwa hiyo hutumika pia dodoso linalojazwa na mzazi, mwalimu na kijana mwenyewe. Mwaka 2013, Maggie Toplak na wenzake walilinganisha tafiti kadhaa wakaona kuwa matokeo ya njia hizo mbili huafikiana kwa kiasi kidogo tu. Kijana aweza kufaulu tarakimu zote, na bado akashindwa kuanza kazi ya shule. Alama moja haitoshi kumhukumu.

Sonona na wasiwasi uliopitiliza hudhoofisha umakini na kumbukumbu; nao udhaifu wa kujiongoza huweza kumzidishia kijana lawama na huzuni. Usingizi haba nao huleta dalili zinazofanana. Kwa hiyo mtaalamu huuliza kwanza: mabadiliko yalianza lini, na nini kilitokea wakati huo?

Iwapo hali imedumu zaidi ya wiki mbili, mzazi ampeleke kijana kituo cha afya au amwone afisa ustawi wa jamii. Akitamka kutaka kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mwenyewe aweza kupiga 116 bila malipo.