Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Mlima

Watu wa Dar es Salaam tukichoka, tunasema tunakwenda kuanza upya, na wengi tunamaanisha shambani. Mimi asili yangu ni Muheza, na Uchagani sina hata kaburi la babu. Lakini nilipopunguzwa kazi, kiinua mgongo kikiwa bado benki hakijaanza kuliwa, shoga yangu aliyeolewa Tarakea alinipigia simu: "Njoo uone huku, ardhi bado ipo." Nilipanda basi hadi Moshi, nikachukua Noah kupitia Himo na Marangu Mtoni, nikaenda. Nimeshakwenda tena tangu hapo. Haya ndiyo niliyojifunza, na sikuyapanga kwa ukubwa wake.

1. Mlima una mgongo

Kilimanjaro tunayoijua wageni ni ya kusini: Machame, Kibosho, Marangu, migomba iliyosongamana na kahawa chini yake, mifongo, ile mifereji ya asili, ikipitisha maji kihamba hadi kihamba, yaani kutoka shamba la ukoo mmoja hadi la mwingine. Upande huo ndio unaoneemeka kwa mvua. Upepo wa baharini unaupiga mteremko wa kusini na kumwaga maji huko huko, kiasi kwamba msituni, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kitu, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mji wa Moshi, ulio chini kabisa, haufikii hata nusu ya hizo.

Ukishapita Tarakea kuelekea Rongai na Kamwanga, mlima umekupa mgongo. Migomba inapungua, mahindi, maharage na viazi mviringo vinachukua nafasi, halafu unaingia kwenye misindano, halafu nyika inateremka hadi Amboseli, Kenya. Simu yenyewe inachanganyikiwa: uko Tanzania, inakuletea ujumbe wa kukukaribisha Kenya. Asubuhi kabla ya saa nne kilele cha Mawenzi kiko wazi mbele yako, umeghafilika kidogo tu kimefunikwa na mawingu.

Uzuri huo ndio unaokufanya usahau kuuliza maji. Rombo, wilaya ilimo Tarakea, ina shida ya maji inayojulikana nchi nzima, na mito yake mingi ni ya msimu. Kwa shoga yangu kila ukingo wa paa una mfereji wa bati unaoshuka kwenye tangi, na tangi lina kufuli. Lile kufuli lilinifundisha kuliko maelezo yote niliyopewa njiani. Sasa kabla sijauliza bei ya ekari nauliza: mwezi wa tisa mnachota wapi?

2. Pori lina wenyewe

Hili nitalirefusha kidogo, maana ndilo linalowaponza watu wenye fedha mkononi na haraka moyoni.

Nilionyeshwa eneo zuri mno karibu na Rongai. Udongo mweusi, viazi vimestawi, karoti zimenyooka mistari, hakuna nyumba hata moja. Nikasema moyoni, hapa hapa. Kumbe ukiinama unaona katikati ya viazi kuna miche ya misindano imefika magotini. Ni shamba la miti la Serikali, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Wananchi wanapewa vishamba walime katikati ya miche, wao wanapata chakula, miti inapata palizi ya bure. Miti ikishatanda kivuli, mkulima anahama. Huruhusiwi kujenga wala kupanda mgomba. Mtu anayekuuzia kipande hapo anakuuzia upepo.

Juu ya misitu hiyo kuna hifadhi ya taifa, iliyotangazwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu wa asili unaouzunguka mlima ukaunganishwa nayo. Chini, upande wa Longido, kuna Hifadhi ya Jamii ya Wanyamapori ya Enduimet, ambayo ni ardhi ya vijiji vya Wamasai waliokubaliana kuitenga kwa ajili ya malisho na wanyama. Macho ya mtu wa Tabata, Dar, kama mimi yanaona uwazi tu. Mzee mmoja wa Kimasai niliyemkuta kisimani aliniuliza ninatazama nini. Nikamjibu, natazama nafasi. Akasema, "Hiyo ni nyasi ya kiangazi, mama. Ng'ombe wako mbali, watarudi."

Wala sisi si wa kwanza kuliona eneo hili kuwa tupu. Kuanzia mwaka 1904 na 1905 Makaburu walipanda kutoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, nao wakitafuta kuanza upya, na Wajerumani wakawapa ardhi kuzunguka Mlima Meru. Baadaye Waingereza wakaja na walowezi wao. Mwaka 1951, huko Ngare Nanyuki, kati ya Meru na Kilimanjaro, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Kesi ile ya ardhi iliwaamsha Watanganyika wengi kabla hata TANU haijazaliwa. Kwa hiyo ukifika huku na kusema umepata ardhi isiyo na mtu, usishangae wazee wakikutazama kwa jicho la pembeni. Sentensi hiyo wameshaisikia.

3. Tembo hana habari na mipango yako

Kati ya Amboseli na msitu wa Kilimanjaro kuna njia ya tembo, ushoroba wa Kitendeni. Tembo wanaupita kama walivyoupita mama zao, na mahindi yakikomaa kando ya njia wao wanayahesabu kuwa posho.

Shemeji, mume wa shoga yangu, alinipeleka usiku mmoja kwa ndugu yake anayelima upande wa Kamwanga. Kibanda cha mabanzi, moto wa kuni mbichi unaotoa machozi, debe la bati limetundikwa kwenye mti, tochi yenye betri mpya ambazo hairuhusiwi kuzitumia kwenye redio. Wanaume wanalala kwa zamu. Saa nane za usiku hatukuona kitu, tulisikia tu mabua yakivunjika, taratibu, bila haraka. Debe likapigwa, tochi ikawashwa, watoto wa jirani nao wakaanza kupiga mayowe. Aliondoka. Asubuhi tukakuta ameacha mstari mpana uliolala chini na kinyesi kinachofuka mvuke kwa baridi.

Fidia haipo, kuna kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 zilikiweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka hifadhini, na mwisho wa hesabu ni ekari 5. Linganisha na gharama ya mbegu, mbolea na vibarua, halafu uamue mwenyewe kama jasho limefutika.

4. Mtendaji wa kijiji kwanza, dalali baadaye

Sehemu kubwa ya ardhi ya kulima huku ni ya kijiji, na inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Makubaliano ya watu wawili na shahidi mmoja kwenye daftari la shule hayatoshi. Halmashauri ya kijiji lazima ihusike, na ukikwepa hapo unaweza kukaa miaka mingi kisha ukaambiwa mauziano yako ni batili. Kihamba ndicho kigumu zaidi. Humo wamezikwa wazazi, na hata kijana akikubali kuuza kwa shida zake, kuna shangazi huko Mashati na kaka huko Mwanza ambao hawajaulizwa.

Mimi niliulizwa swali la ziada. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole sana, alisubiri nimalize maelezo yangu yote, akaniuliza: "Sasa mama, mzee atakuja lini?" Sina mzee. Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na nilimweleza hivyo kwa adabu. Alikubali. Lakini mkewe, aliyekuwa akituandalia kiburu, ndiye aliyenieleza ukweli wenyewe: karatasi utapata, ila siku tembo akiingia au mpaka ukisogezwa, utapiga yowe nani aje? Ndiyo maana sasa ninaweka watu mbele ya ekari. Nimekwenda kwenye misiba ya watu ambao sikuwajua, nimekaa jikoni, nimekunywa mbege ambayo tumbo langu la Pwani haliipendi.

5. Hesabu ya viazi huishia sokoni

Nitasema kwa ufupi, wakulima wanalijua kuliko mimi. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, bado ina mashabiki wake, na mwenye lori ndiye anayepanga. Mvua ikizidi unakuja ukungu, majani yanaungua ndani ya siku chache. Ukiwa na mtaji wa msimu mmoja tu, usilime viazi peke yake.

6. Muulize anayeondoka

Wakati mimi ninapanda, vijana wa Rombo wanashuka. Vihamba vimegawanywa hadi vimebaki vipande visivyotosha kulisha nyumba, na anayetaka maisha anakwenda Moshi, Arusha, Dar. Mangi mwenye duka mtaani kwetu Tabata anatoka Useri, huko huko Rombo. Miaka yote nimekuwa nikinunua mkate kwake bila kumuuliza kwa nini hakubaki kwao. Nilipomuuliza, alinipa somo la bure kuhusu maji, mashamba na ndugu, akamalizia kwa kuniambia kwamba yeye mwenyewe anajenga huko, ila ya kuzeekea na ya Krismasi.

7. Usiende kuchagua Desemba

Desemba mlima mzima una sherehe. Magari yamejaa, nyama inachomwa, kila nyumba ina taa. Anayekwenda kuchagua makazi mwezi huo anachagua sikukuu. Nenda Julai. Karibu na mita 2,000 baridi ya Julai inaingia mifupani, nyumba nyingi za wenyewe wa Dar zimefungwa, na kituo cha afya kikikushinda safari ni ya Hospitali ya Huruma, au KCMC mjini Moshi. Ukiamka asubuhi ya namna hiyo na bado unataka kukaa, basi endelea na mazungumzo.

Mimi sijanunua. Nimekodi nusu ekari ya shemeji kwa msimu mmoja, nimepanda maharage na viazi kidogo, na kiinua mgongo kilichobaki bado kiko benki. Nawe kama una fedha za kuanzia upya, kodi kwanza.